Maandalizi ya nyumbani kabla ya vuli

Ndugu wanakikundi wa West Pokot,

Vuli imekaribia, na wengi wetu tunakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, ambapo mvua kubwa iliporomosha udongo katika vijiji vya Nyarkulian, Parua na Muino, watu wakafunikwa wakiwa wamelala. Kwa hiyo naomba kila mwenye nyumba iliyo chini ya mteremko aukague sasa, kabla haijanyesha: ufa mpya ardhini, mti au nguzo iliyoanza kuinama, mlango ambao ghafla haufungiki sawasawa. Kijito kikipungua maji ilhali mvua ingali inanyesha, msisubiri kupambazuke, kwa maana huenda udongo umekiziba huko juu, na kizuizi hicho hakidumu. Ondokeni kwa kukata ubavu wa mlima, mbali na korongo, wala msiteremke nalo.

Vitambulisho, dawa na tochi viwe ndani ya ndoo yenye mfuniko, karibu na mlango. (Yangu niliifungua juzi nikakuta betri zimevuja.) Mifugo ifunguliwe tu, msikawie kuiswaga.

Kila kijiji kiniandikie hapa, kabla ya Jumapili, nyumba ipi iliyo mahali salama itawapokea majirani usiku.