Risala ya Klabu ya Mafumbo ya Picha kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Karibu sana. Katika maonyesho ya leo meza yetu ni ile yenye karatasi za visanduku vya rangi, na risala hii inaeleza kilichomo kwenye karatasi hizo: mafumbo yasiyo na swali wala maelekezo. Mtu anaoneshwa mifano michache ya picha, basi. Kanuni iliyoizaa mifano hiyo ataigundua mwenyewe, kisha ataitumia kwenye picha mpya ambayo hajawahi kuiona.

Wengi hudhani kazi yote iko kwa mfumbuzi. Sisi tunaotunga tunaona vingine. Mfumbuzi akikwama, mara nyingi kasoro iko kwenye mifano aliyopewa, na hapo ndipo klabu inapotumia muda wake mwingi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Aina ya kwanza ya mafumbo yetu ilibuniwa na Mikhail Bongard, mwanasayansi wa Kisovieti aliyechapisha mafumbo 100 ya namna hii mwaka 1967, alipokuwa akishughulikia namna ya kuifundisha kompyuta kutambua maumbo. Kila fumbo lina picha 6 upande wa kushoto na 6 upande wa kulia. Za kushoto zote zina sifa moja ambayo za kulia hazina, na kazi ni kuitaja tofauti hiyo kwa sentensi moja fupi. Mengine ni mepesi: maumbo makubwa kushoto, madogo kulia, pembetatu kushoto, pembenne kulia. Mengine humtoa jasho hata mwalimu wa hesabu.

Upande wa kulia haukuwekwa kwa ajili ya pambo. Ukioneshwa pembetatu 6 peke yake, kanuni inaweza kuwa "pembetatu", au "umbo la mistari iliyonyooka", au "umbo moja tu ndani ya kisanduku", au hata "mchoro wowote ule". Pembenne za kulia ndizo zinazozifuta hizo nyingine, kwa sababu nazo zina mistari iliyonyooka, nazo ziko moja moja, na bado zimekataliwa. Tena picha iliyokataliwa inafaa zaidi inapokaribia kukubalika. Ukiweka maduara upande wa kulia badala ya pembenne, "mistari iliyonyooka" inabaki kuwa jibu halali, na huna haki ya kumnyima mtu alama.

Katika kutunga, tunaandika kwanza kanuni nyuma ya karatasi kabla ya kuchora chochote. Chini yake tunaorodhesha sifa ambazo si kanuni: ukubwa, kujazwa wino au kuachwa wazi, mahali umbo lilipo, mwelekeo wake, idadi. Kila moja ya sifa hizo lazima ibadilike pande zote mbili. Kwa hiyo kati ya pembetatu 6, tunajaza wino 3 na kuacha 3 wazi, na pembenne hivyo hivyo. 3 kubwa na 3 ndogo, ila kubwa zote zisiwe ndizo zenye wino. Visanduku vinachorwa sentimita 5 kwa 5 kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, safu wima 2 za visanduku 3 kila upande, na pengo la sentimita 3 katikati ili jicho lisichanganye pande.

Kosa linalojirudia kuliko yote linatokana na mazoea ya mkono. Mchoraji hujikuta amechora pembetatu zote zikiwa zimekalia kitako, ncha juu. Mfumbuzi akijibu "maumbo yenye ncha juu", hajakosea hata kidogo. Mifano ndiyo iliyomwambia hivyo. Ndiyo maana kila fumbo hupelekwa kwa mtu asiyelijua, naye haulizwi tu kama amepata. Anaulizwa alifikiria nini kabla ya kupata. Majibu yaliyokosewa huonesha ni sifa gani tuliyosahau kuibadilisha.

Mashine nazo hunaswa na mtego huohuo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliifundisha programu kutofautisha mbwa mwitu na mbwa wa kufugwa wa aina ya huski. Kwa makusudi walichagua picha 20 ambazo mbwa mwitu wote walikuwa kwenye theluji na huski wote hawakuwa kwenye theluji. Programu ikajifunza theluji. Huski aliyesimama kwenye theluji akaitwa mbwa mwitu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Aina ya pili ndiyo iliyojaa mezani kwetu. Inatokana na mkusanyiko uitwao ARC, uliotolewa mwaka 2019 na François Chollet, mhandisi wa programu kutoka Ufaransa. Kila fumbo lina jozi chache za mifano, kwa kawaida 3, na kila jozi ina ubao wa "kabla" na ubao wa "baada". Ubao unaweza kuwa na kisanduku 1 tu au kufika 30 kwa 30, na rangi hazizidi 10. Mwishoni unapewa ubao wa "kabla" peke yake, nawe unachora wa "baada", pamoja na kuamua ukubwa wake. Kisanduku kimoja kikiwa na rangi isiyo yake, fumbo zima limekosewa.

Tunaomba tuoneshe fumbo moja dogo. Ubao wa kwanza ni wa visanduku 5 kwa 5. Kuna kisanduku chekundu mstari wa juu kabisa, safu ya 3. Kwenye "baada", chekundu kipo mstari wa chini kabisa, safu ileile. Kanuni ni ipi? Inaweza kuwa "kianguke mpaka chini". Inaweza pia kuwa "kishuke hatua 4", au "ubao mzima upinduliwe juu chini", au "kisogee juu hatua 1, na kikitoka juu kiingilie chini". Kanuni nne tofauti, jibu moja.

Mtunzi asiye makini huongeza mifano mingine miwili inayofanana na huo, rangi tu zikibadilika, akidhani amesaidia. Hajasaidia, zote nne bado zinasimama. Mfano wa pili unaofaa unatumia ubao wenye mistari 7, kisanduku cha buluu kikiwa mstari wa 2, na kwenye "baada" kikiwa mstari wa 7. Kimeshuka hatua 5, kwa hiyo "hatua 4" imeanguka. Kupindua kungekipeleka mstari wa 6. Kupanda hatua 1 kungekipeleka mstari wa 1. Mabadiliko ya ukubwa wa ubao ndiyo yaliyofanya kazi hiyo: ndani ya ubao wa mistari 5, "shuka hatua 4 au mpaka uzuiwe" na "anguka mpaka chini" haviwezi kutenganishwa hata kwa mifano mia.

Linabaki swali moja: vikiwa viwili kwenye safu moja itakuwaje? Mfano wa tatu unalijibu. Kuna cha njano mstari wa 1 na cha kijani mstari wa 3, safu ileile, ubao wa mistari 5. Kwenye "baada", cha kijani kiko mstari wa 5 na cha njano kimekaa juu yake, mstari wa 4. Sasa mfumbuzi anajua kwamba havimezani na havipishani. Ubao wa mtihani unaweza kuwa na vitatu kwenye safu moja, kimoja kikiwa tayari chini. Hauwezi kuwa na ukuta wa kijivu katikati, kwa kuwa hakuna mfano uliosema ukuta unafanya nini. Kuweka jambo ambalo mifano haikuligusa si ugumu, ni uonevu.

Kwa upande wa mfumbuzi, ushauri wetu ni mfupi. Linganisha kwanza ukubwa wa "kabla" na "baada", kisha tazama ambavyo havikubadilika, ndipo uhesabu rangi na maumbo. Andika kanuni kwa sentensi, halafu irudishe kwenye jozi zote. Wengi wanaishia jozi ya kwanza, wanafurahi, wanaruka kwenda mtihani. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason aliwapa watu namba 2, 4, 6 na kuwataka watafute kanuni yake kwa kupendekeza namba nyingine tatu tatu. Wengi walipendekeza zile zilizokubaliana na walichokwisha kukiamini, kama namba shufwa zinazofuatana, ilhali kanuni ilikuwa namba tatu zozote zinazopanda. Anayetaka kujua kama amepatia ajaribu namba ambazo kanuni yake inazikataa.

Yapo pia mafumbo ya jedwali la 3 kwa 3 lenye nafasi moja wazi, aliyoyaanzisha John Raven wa Uingereza miaka ya 1930. Toleo lake la kawaida lina maswali 60 katika makundi 5. Haya tunayafanya kwa tahadhari. Yana majibu ya kuchagua, na mjanja anaweza kuondoa majibu mabaya bila kuielewa kanuni. Sisi tunafunika majibu mpaka mtu achore lake. La pili, mazoezi hupandisha alama. Mwanafunzi aliyeyafanya mara nyingi hapaswi kupimwa akili kwayo, na hatungependa yatumike kupanga watoto madarasani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Pengine utauliza kompyuta inahusikaje. Mkusanyiko maarufu wa tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, MNIST, una picha 60,000 za kufundishia na 10,000 za kujaribia, na programu za akili mnemba huzitambua bila shida. Kwenye ARC mifano ni mitatu, na kila fumbo lina kanuni yake. Katika shindano la mwaka 2020, programu iliyoshinda ilitatua takriban 20% ya mafumbo yaliyofichwa, tena kwa kuunganisha hatua ndogondogo alizoandika binadamu: kata, zungusha, paka, jaza. Programu za miaka ya karibuni zimesogea mbele, ila somo kwa mtunzi ni lilelile: mifano michache ikichaguliwa vizuri inatosha, na hilo hatujaona likifanyiwa kazi ya kutosha hata katika vitabu vya hesabu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu. La kwanza ni printa ya rangi, kwani fotokopi ya nyeusi na nyeupe huzifanya nyekundu na kijani kuwa kijivu kimoja. Kwa sasa tunaandika namba ndani ya kila kisanduku, na tutaendelea hata tukiipata, kwa ajili ya wenzetu ambao macho yao hayatenganishi rangi hizo mbili. La pili ni rimu 6 za karatasi zenye visanduku vya sentimita 1. La tatu ni kompyuta 2, hata zilizokwisha kutumika. Mafumbo 800 ya ARC yaliyowekwa wazi mwaka 2019 yamehifadhiwa kama maandishi ya kawaida, hivyo yakishapakuliwa hayahitaji intaneti.

Baada ya ratiba hii tunakukaribisha mezani. Kalamu zipo, majibu yamefunikwa, na ukipata kanuni tofauti na ya kwetu inayokubaliana na mifano yote, tutaomba utuandikie nyuma ya karatasi ili tulitengeneze upya fumbo hilo.

Tunaomba kuwasilisha.