Shoga, usiikate diski kabla hujamaliza barua hii

Tanga, Jumapili jioni

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi, na mwanao nibusie. Nimefurahi kusikia unataka kuweka Ubuntu, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, pamoja na Windows kwenye laptopu moja. Ila nakusihi, usiguse kitu kwanza.

Toa nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje: picha za harusi, hesabu za duka, vyote. Chaja ichomekwe na betri iwe imejaa, umeme wetu unaujua. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya siri ya Windows, ule ufunguo wa tarakimu 48 uandike kwenye daftari, usiuache ndani ya laptopu hiyo hiyo.

Sasa lililonitesa mie. Nilikuwa na nafasi tupu ya gigabaiti 140, lakini nilipofungua Disk Management ya Windows nikabonyeza Shrink Volume, yaani kupunguza kipande cha Windows, Windows ikanipa 9 tu! Nikadhani diski imekufa. Kumbe kuna faili ambazo Windows haizisogezi ikiwa inatumika, kama pagefile.sys (kumbukumbu ya akiba) na hiberfil.sys (inayotunza kazi kompyuta ikilala). Ni sawa na kugawa chumba kwa ukuta: vyombo utavihamisha, nguzo huiwezi, na ukuta utaishia hapo kwenye nguzo. Basi nikafungua kidirisha cha amri kwa ruhusa ya msimamizi, nikaandika powercfg /h off kuzima huo usingizi, nikazima na pagefile kwa muda, nikawasha upya. Kujaribu tena, nafasi ikafunguka. Nikaandika 51200, maana pale wanahesabu kwa megabaiti, na hiyo ni gigabaiti 50. Ubuntu inataka angalau 25, lakini usijibane.

Kitabaki kipande chenye mstari mweusi juu. Kiache vivyo hivyo, usikifomati. Ubuntu itakikuta yenyewe. Pagefile irudishe, ila ile amri ya powercfg usiitengue. Windows ikilala nusu badala ya kuzimika kabisa, Ubuntu itakusomea faili zake lakini haitakubali kuandika humo.

Halafu ukirudi Windows ukakuta saa iko nyuma kwa masaa matatu, usihangaike. Ubuntu huweka saa ya mashine kwa majira ya UTC, yale ya dunia yaliyo nyuma yetu kwa masaa matatu, na Windows huisoma kama saa ya hapa. Ingia Ubuntu, andika timedatectl set-local-rtc 1, basi.

Ukifika kwenye ukurasa wa kuchagua diski, soma ukubwa wa kila kipande mara mbili. Na kabla hujabonyeza kusakinisha nipigie, hata iwe usiku wa manane. Nitapokea.

Mwenzio,
Mwanaidi