Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu: amri ya korti yetu inaishia uwanja wa ndege

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kutoka Kisauni, Mombasa. Mimi ni bibi wa mtoto wa miaka sita. Babake, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi hapa pwani, alimpandisha ndege akatwambia ni likizo ya wiki mbili. Sasa ni mwaka na zaidi. Ndara zake nimeziacha pale pale mlangoni. Nadhani hazimtoshi tena.

Binti yangu alikwenda kortini. Hakimu akampa malezi, amri ikapigwa muhuri, nayo imo kabatini kwenye bahasha ya khaki. Wakili alitwambia wazi: kule Ujerumani karatasi hiyo haimlazimishi mtu. Ni kuanza kesi upya, kwa wakili wa kule na kwa pesa za kule.

Hapo ndipo nilipoujua Mkataba wa Hague wa 1980. Nchi zaidi ya 100, Ujerumani ikiwamo, zimekubaliana kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 akitoroshwa na mzazi mmoja, arudishwe upesi alikokuwa akiishi, na korti za huko ndizo ziamue nani amlee. Afrika Kusini wamo, Moroko wamo, hata Shelisheli. Kenya haimo. Na ajabu, Mkataba wa Hague wa 1993 wa kuasili watoto tuliuingia 2007! Mtoto anayekwenda kulelewa na wageni ana mkataba wa kumlinda, anayetoroshwa na babake hana.

Wako wanaosema mkataba huo wa 1980 utatunyang'anya wajukuu wetu. Sheria ni msumeno, sikatai. Mtaani kwetu yuko mama aliyerudi na mwanawe kutoka Italia bila baba mtu kujua, na siku ile mimi pia nilipiga vigelegele. Leo namfikiria yule baba. Lakini mama aliyekimbia kipigo hakusahauliwa: Kifungu cha 13 cha mkataba huo kinamruhusu hakimu kukataa kumrudisha mtoto kwenye hatari kubwa.

Katiba yetu, Kifungu cha 53, yasema baba na mama wana wajibu sawa, wameoana hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 tunayo. Ombi langu ni kwamba mkataba huu ufikishwe Baraza la Mawaziri, kisha Bunge la Kitaifa, kama sheria ya 2012 ya kuridhia mikataba inavyotaka. Na afisa wa uhamiaji akiona mtoto na mzazi mmoja, aulize ridhaa ya wa pili. Siku ile hakuna aliyeuliza.

Mjukuu wangu mwenyewe mkataba huu hautamfaa. Kifungu chake cha 35 hakirudi nyuma kwa waliokwisha kuchukuliwa. Nimelijua hilo kabla ya kushika kalamu. Jumapili tukimpigia simu ya video huniita Oma, yaani bibi kwa Kijerumani, na mengine mamake ndiye anayenitafsiria.

Wasalaam,
Bibi wa Kisauni