Mwenye lupasi asiachishwe vidonge kwa kuwa ana mimba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaume wenzangu ambao wake zao ni wajawazito, pamoja na wauguzi wa kliniki zetu huku Kusini.

Mimi ni fundi cherehani, Newala. Mke wangu ana lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe. Ulimwanza kwa maumivu ya viungo na vipele vya mashavuni, ukatulizwa kwa haidroksiklorokwini na prednisoloni. Aliposhika mimba ya kwanza, muuzaji wa duka la dawa alimwambia vidonge hivyo vitamdhuru mtoto. Akaviacha. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikaitikia.

Mimba ilikuwa na wiki 15. Asubuhi hiyo alikaa kunisaidia kazi, akashona vifungo vya shati la mteja mgongoni, vyote saba, vimenyooka kabisa. Nilipomuuliza, alinitazama kama mtu asiyenijua. Usiku akawa anasema kuna watu wanamwita kutoka kwenye mikorosho. Mama mkwe akaniambia, "Baba, haya ni majini, tumpeleke kwa mganga." Hatujakubaliana, mara akaanguka, mwili unatetemeka, povu mdomoni.

Kituo cha kwanza kilisema ni kifafa cha mimba, kile kinacholetwa na presha ya mjamzito kupanda. Lakini presha ilikuwa ya kawaida, 110 kwa 70, mkojo hauna protini, na kifafa cha mimba kwa kawaida hakiji kabla ya wiki ya 20. Hayo nilielezwa Dar es Salaam, mimba ikiwa imeshatoka. Lupasi ilikuwa imefika kwenye ubongo. Kuacha dawa huweza kuiamsha.

Zipo dawa za lupasi ambazo kweli mjamzito hatakiwi kuzimeza, kama maikofenoleti, na hata dawa ya kifafa iitwayo valproeti inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Hizo daktari huzibadilisha, tena kabla mimba haijatungwa. Haidroksiklorokwini haimo humo. Inatakiwa iendelee mpaka kujifungua na baada yake. Yule muuzaji alizitia zote kapu moja, na sisi tukamzika mtoto.

Safari ya pili tulisubiri kwanza ugonjwa utulie, zaidi ya miezi sita, kama tulivyoagizwa. Vidonge kila siku. Aspirini ndogo kuanzia wiki ya 12, maana mwenye lupasi hupatwa na kifafa cha mimba kirahisi kuliko wengine. Malipo ya korosho ya msimu mzima yaliishia kwenye nauli na vipimo, na sijuti.

Wiki ya 35 kichwa kikamuuma, presha ikapanda. Muuguzi wa zamu hakuwahi kumwona mke wangu, lakini juu ya kadi ya kliniki palikuwa pameandikwa kwa wino mwekundu: LUPASI YA UBONGO, DAWA ZISISIMAME. Akapima mkojo hapo hapo, akampigia daktari simu bila kungoja asubuhi. Binti yetu alizaliwa siku mbili baadaye, kilo 2.3.

Wauguzi wetu, nawaomba kila mama mwenye ugonjwa huu aandikiwe hivyo siku ya kwanza anayofika kliniki, juu kabisa ya kadi, kwa herufi kubwa.

Fundi cherehani,
Newala, Mtwara