Mgeni wa Malindi Asilipie Chakula Kabla ya Kufika

Mhariri,

Kila zinapokaribia siku za mapumziko, kurasa za gazeti lako hujaa matangazo ya safari fupi za Pwani: usiku mbili, usiku tatu, chumba kinachotazama bahari, na chini yake, kwa herufi nene, habari kwamba chakula chote kimo ndani ya bei. Nilihudumu mezani katika hoteli za Malindi kwa miaka 26 kabla ya kustaafu, na ninaandika kusema kwamba hayo maneno ya herufi nene ndiyo yanayomharibia mgeni safari. Anayekuja kukaa wiki mbili anaweza kula hotelini siku kumi na bado akabakiwa na siku za kutosha za kula mjini. Lakini anayefika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili alasiri ana milo sita tu, na akishailipia yote mahali pamoja, huwa ameondoka Malindi bila kuingia Malindi.

Ushahidi ninao wa nyumbani. Mpwa wangu alikuja na mumewe kutoka Nairobi, wakafikia katika hoteli ya ufukweni ambayo sitaitaja. Jumamosi asubuhi niliwapelekea habari kwamba nimeagiza kaa wa Mida, wakubwa, wa kupikwa kwa tui, na kwamba wangekuwa tayari saa saba. Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, tutakuja kukusalimu jioni. Tukila huko, pesa za hotelini zitapotea." Walipofika jioni niliwauliza walikula nini. Walikula chipsi, kuku wa kuoka, na kipande cha samaki mweupe asiye na mfupa wala jina. Mimi niliyezunguka katika jikoni hizo najua kwamba samaki wa namna hiyo huja ameganda ndani ya katoni, na mara nyingine amesafiri mbali kuliko mgeni anayemla. Kaa wale tuliwamaliza sisi na majirani.

Safari fupi ya mtu apendaye kula huanza kupangwa kwa kutazama upepo na mwezi, kisha ndipo chumba kitafutwe. Upepo wa kaskazi unapovuma, takriban Desemba hadi Machi, bahari hutulia, mashua ndogo hutoka nje ya miamba, na nguru na jodari huonekana sokoni kwa wingi. Huo pia ndio wakati wa maembe, na aliyewahi kula ngowe iliyoivia mtini hahitaji kuletewa keki baada ya mlo. Upepo wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, huchafua bahari na kuwabana wavuvi wadogo ndani ya miamba, samaki wakapungua na bei ikapanda. Zaidi ya hayo, hoteli na mikahawa mingi ya Malindi na Watamu hufungwa mwezi wa Mei na Juni, kwa hiyo anayevutwa na bei nafuu za miezi hiyo apige simu kwanza aulize ni jiko gani lililo na moto.

Kuhusu mwezi, jambo hili wavuvi hulijua na matangazo hayalitaji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana, miamba huwa wazi, na watu hushuka kwa miguu kusaka pweza. Mgeni ambaye pweza wa nazi ndiye aliyemtoa kwao afanye safari yake iangukie siku hizo, kwa maana siku za maji mafu anaweza kuletewa pweza wa jokofu na asijue tofauti iko wapi, ila ataona meno yamechoka. Kaa nao wana siri yao: aliyejivua gamba karibuni huwa na maji mengi na nyama haba, hata awe mkubwa kiasi gani. Mshike mkononi kabla hajaingia chunguni, na kama ni mwepesi kuliko umbo lake, mrudishe.

Hori ya Mida iko kusini mwa mji, karibu na Gede na Watamu, safari isiyofika kilomita 30. Huko Dabaso kikundi cha wenyeji wanaotunza mikoko kina mkahawa wao uliosimama juu ya nguzo, unaofikiwa kwa kijia cha mbao kinachopita katikati ya miti, na sambusa zao za kaa zimewavuta wageni wengi. Ningemshauri mgeni autenge mlo mmoja kati ya sita kwa ajili ya hapo, Jumamosi jioni jua likizama, na aagize mapema. Upande wa kaskazini wako kamba wa Ngomeni na wa Ghuba ya Ungwana. Wageni hulalamika wakiona bahari ya Malindi imekuwa nyekundu kama udongo baada ya mto Sabaki kufurika, na nimeshawahi kuombwa nirudishe fedha za chumba kwa sababu ya rangi ya maji, kana kwamba nimeyakoroga mimi. Lakini udongo huo wa Sabaki na wa Tana ndio unaolisha kamba wanaowaagiza usiku wake kwa kitunguu saumu.

Mlo wa kwanza hutegemea usafiri. Wanaokuja kwa ndege hufika baada ya saa moja hivi angani. Treni ya usiku kutoka Nairobi huwafikisha abiria Miritini, kituo cha Mombasa, kabla ya alfajiri, na watu wengi huichukia kwa sababu hiyo, lakini kwa mlaji ndiyo treni bora, kwani kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita zipatazo 120 na atawasili mahamri yakiwa bado motoni. Mahamri na mbaazi za nazi si chakula cha kuamkia saa tatu. Ukichelewa utakuta mwanamke aliyepika anaosha sufuria.

Sasa nije kwenye mvinyo, ambao najua ndio uliowafanya baadhi ya wasomaji wako wafikirie Malindi badala ya Lamu. Mimi si mnywaji. Nimeujua mvinyo kwa pua na kwa kutazama nyuso za wanywaji, na nadhani hiyo si shule mbaya. Waitaliano walianza kuwa wengi hapa miaka ya 1960, wahandisi wao walipojenga kituo cha San Marco huko Ngomeni, ambako mwaka 1967 setilaiti ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lililo baharini. Baada yao wakaja wenye hoteli, wapishi na watengenezaji wa aiskrimu, hata leo mvulana wa Kigiriama anayeuza vinyago atakusalimu kwa Kiitaliano kabla ya Kiswahili. Ndiyo sababu mji mdogo kama huu una tambi za mkono na chupa ambazo hungezitarajia.

Hata hivyo chupa hizo huagizwa vibaya. Mgeni huona samaki wa kupaka mezani, kisha kwa heshima ya siku kuu huagiza mvinyo mwekundu mzito, na nimeona wengi wakikunja uso, kwa sababu mwekundu na samaki hukutana mdomoni vikaacha ladha ya msumari. Pilipili nayo huzidishwa ukali na mvinyo wenye kileo kikubwa. Tui, ukwaju na pilipili hupatana na mvinyo mweupe wenye utamu kidogo, na Chenin Blanc ya Afrika Kusini, ile isiyo kavu sana, haikuwahi kurudishwa mezani kwangu. Kwa samaki wa kuchoma na ndimu, au kamba wa kitunguu saumu, Vermentino, mvinyo mweupe wa Sardinia, inatosha, maana nayo imetoka kwa watu wa bahari. La kuuliza kabla ya jina na mwaka ni chupa imelala wapi. Joto la Malindi huupika mvinyo ukiwa dukani, na chupa iliyosimama miezi minne kwenye rafu inayopigwa na jua la alasiri haitaponywa na ndoo ya barafu. Mweupe uje mezani ukiwa na nyuzi 8 hadi 12. Mwekundu, ukiwa lazima, uzamishwe barafuni robo saa, na mhudumu atakayecheka ombi hilo hajafundishwa kazi.

Lakini chupa ya Sardinia yaweza kununuliwa Nairobi. Mvinyo wa kweli wa mwambao huu umo juu ya mnazi, na hausafiri. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara, na utomvu hudondoka ndani ya kibuyu ambamo chachu ya hewani huanza kazi papo hapo. Ndiyo maana mnazi wa alfajiri, yaani tembo lenyewe, ni mtamu kama maji ya sukari, wa adhuhuri umekwisha kuchangamka, na wa kesho yake unaelekea kuwa siki, ambayo nayo wapishi wetu huitumia. Hakuna mlo wa hotelini ambamo mgeni ataelezwa haya. Kwa atakaye, mangwe, yaani vilabu vya tembo, ziko nje ya mji, na aende akiwa na mwenyeji, asubuhi, amuulize mgema umegemwa saa ngapi. Kwa kuwa wahenga walishasema juu ya mgema anayesifiwa, asimsifu mno kabla ya kuonja. Tembo la asubuhi na sima, mboga ya mtsunga iliyopikwa kwa nazi na samaki mkavu wa kuchoma ni mlo ambao mimi, nisiyeonja kinywaji chenyewe, nimeula mara nyingi kwa maji na sikuona nimepungukiwa. Adabu moja tu: chupa isibebwe ikionekana ndani ya mitaa ya mji wa kale, ambako watu wengi ni Waislamu na viazi vya karai na mishkaki ya jioni huliwa kwa sharubati ya ukwaju. Mwezi wa Ramadhani mchana hapo huwa kimya, na anayekuja wakati huo asilalamike bali asubiri magharibi, kwani baada ya adhana vyakula hujaa barabarani kuliko mwezi mwingine wowote.

Nawajua wenye hoteli, na najua watakavyonijibu. Watasema mgeni aliyelipia mapema huwawezesha kukadiria chakula cha kupika na kupunguza cha kutupa, na hilo ni kweli, kwa sababu nimebeba sinia nyingi za bufe hadi jaani. Watasema pia kwamba wageni wanaogopa kuumwa na tumbo. Tumbo huumizwa na chakula kilichokaa mezani kikipoa kwa muda wa saa tatu, jambo ambalo bufe hulijua vizuri kuliko mama wa mbaazi ambaye sufuria yake huisha ikiwa bado inatoa mvuke.

Pendekezo langu kwao ni dogo. Wauze chumba na kiamshakinywa peke yake kwa bei inayoonekana katika tangazo, si bei ya kuombwa kwa simu. Mgeni atakayesema kabla ya saa nne asubuhi kwamba usiku huo atakula nje, asitozwe chajio. Saa nne ndiyo saa ambayo katika hoteli zote nilizofanyia kazi mpishi alikuwa bado hajatoa nyama kwenye barafu. Nawe, Mhariri, katika kurasa hizo za likizo ungetutengea mistari miwili chini ya bei za vyumba, utuandikie bamvua itaangukia tarehe gani na upepo unaovuma ni upi.

Mhudumu wa mezani mstaafu,
Malindi