Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mitoki ikatwe mapema

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Kaka yangu alianza na mtoki shingoni, mdogo kama korosho, ambao baada ya wiki tatu ulikuwa umefikia ukubwa wa limau. Kwa kuwa alikuwa na homa, akiloa jasho usiku na suruali zikimpwaya, hospitali ya wilaya ilimwanzishia dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea. Siwalaumu sana, maana dalili za kifua kikuu na za limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, ni pacha. Alizimeza miezi minne, mkojo ukiwa mwekundu, huku mitoki ikijitokeza kwapani na kinenani.

Alipokatwa hatimaye kipande cha mtoki ili kipimwe, jibu lilisema “limfoma” tu. Mheshimiwa, hilo ni jina la ukoo, si la mtu. Limfoma nyingi huanzia kwenye seli B, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu. Chache, na nyingi kati ya hizo ni kali, huanzia kwenye seli T, aina nyingine ya seli hizo nyeupe, na darubini peke yake mara nyingi haitoshi kuzitofautisha bila vitendanishi vya kutambua alama za seli: CD20 kwa seli B, CD3 kwa seli T, pamoja na CD30. Matibabu hutegemea jibu hilo. Rituximab, iliyoingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, hushika CD20, kwa hiyo kumpa mgonjwa wa seli T ni kumwaga fedha za familia. Brentuximab, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2018 iunganishwe na dawa nyingine tatu kwa wagonjwa wa seli T wenye CD30, sithubutu kuiomba leo kwa bei yake.

Ninachoomba ni kidogo. Mtoki ambao haujathibitishwa kuwa na kifua kikuu ukatwe mzima badala ya kunyonywa kwa sindano tu, na ukatwe kabla ya mgonjwa kupewa prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa sababu dawa hiyo huweza kuufanya mtoki usinyae na kuficha ugonjwa. Fomalini, dawa ya kuhifadhi vipande vya kupimwa, iwepo wilayani: kipande cha kwanza cha kaka yangu kilisafirishwa ndani ya maji ya dripu, kikaharibika njiani. Dawa za kifua kikuu tulipewa bure, lakini kipimo cha alama za seli tulikichangishana ndugu na majirani, na jibu la seli T lilipofika, kaka alikuwa hawezi tena kuketi. Kipimo hicho nacho kiwe bure.

Naomba kuwasilisha.