Mkasi usioacha alama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotuhusu wote tunaopenda sinema. Kila filamu kubwa inapokatwa vipande ili ikubalike katika soko fulani, kelele hupigwa kuhusu kilichokatwa. Mimi kinachoniuma zaidi ni kile ambacho hakikupigwa picha kabisa.

Januari 2022, Tencent Video, huduma ya China ya kuonyesha filamu mtandaoni, ilionyesha Fight Club, filamu ya Marekani ya mwaka 1999. Mwishoni mwake majengo marefu hulipuliwa na kuporomoka mbele ya macho ya mtazamaji. Waliolipia kuiona huko hawakuona hata tofali moja likianguka. Skrini iliingia giza, yakatokea maandishi kwamba polisi waliugundua mpango mapema, wakawakamata wahalifu, na mlipuko ukazuiwa. Watu walichachamaa, na baada ya wiki chache sehemu kubwa ya vilivyoondolewa ikarudishwa. Walichachamaa kwa sababu wengi walishaiona nakala nzima. Walikuwa na cha kulinganisha.

Sasa tazama Red Dawn, iliyotoka mwaka 2012. Ilipopigwa picha mwaka 2009, wavamizi wanaoiteka Marekani walikuwa Wachina. Magazeti ya China yakalalamika, na studio ya MGM, ikilifikiria soko hilo, ikabadili mawazo. Mafundi wakakaa kwenye kompyuta wakifuta bendera na nembo picha kwa picha, mpaka wavamizi wakawa Wakorea Kaskazini. Sababu za kihadithi hazikuwepo. Korea Kaskazini haina majumba ya sinema ambayo Hollywood ingeogopa kuyakosa, basi. Na haya tumeyajua kwa kuwa filamu ilikwisha kupigwa. Uamuzi huo ungepitishwa kabla kamera hazijawashwa, nani angejua?

Nguvu ya soko la China haitokani na mkasi peke yake. Kwa makubaliano ya mwaka 2012, China ilikubali kuruhusu filamu 34 za nje kwa mwaka kwa utaratibu wa kugawana mapato, na mwenye filamu kupata asilimia 25 ya mauzo ya tiketi. Nafasi ni chache na wanaozigombea ni wengi. Mtayarishaji aliyekopa mamilioni ya dola hangoji kuambiwa. Anajikagua mwenyewe, na mwandishi wake anajikagua kabla yake.

Nisieleweke kwamba nawasema Wachina tu. Hollywood yenyewe ilijifunga kwa kanuni zake za maadili kuanzia mwaka 1934 hadi 1968. Na mwaka 1933, Hitler akiwa ndiyo kwanza ameingia madarakani, mwandishi Herman Mankiewicz aliandaa mswada wa filamu kuhusu dikteta huyo na mateso ya Wayahudi. Wakubwa wa sinema wakaupinga, kwa kuwa kampuni zao zilikuwa na biashara Ujerumani. Filamu haikutengenezwa. Hakuna kipande kilichoanguka sakafuni wala bendera iliyofutwa, na hakuna mtazamaji aliyetoka ukumbini akilalamika. Huwa naufikiria sana mswada ule, na watu ambao wangeonywa nao wakati bado kulikuwa na muda.

Studio hujibu kwamba bila masoko hayo haziwezi kuishi. Hebu tuliangalie jaketi la rubani katika Top Gun: Maverick. Mgongoni mwake, katika Top Gun ya kwanza ya mwaka 1986, zilishonwa bendera kadhaa, zikiwemo za Japani na Taiwan, kisiwa ambacho China hudai ni chake. Trela ya mwaka 2019 ilipotoka, hizo mbili hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na alama zisizo za nchi yoyote. Wakati huo Tencent ilikuwa miongoni mwa wawekezaji, kisha ikajitoa. Filamu ilipofika kumbini mwaka 2022, bendera zilikuwa zimerudi mahali pake. China haikuionyesha, na bado iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.4 duniani.

Ombi langu kwa studio ni dogo. Majina yanayopita mwishoni mwa filamu huwataja hata madereva na wapishi. Uongezwe mstari mmoja pale: filamu hii imebadilishwa ili ikubalike katika nchi fulani, na kilichobadilishwa ni hiki. Anayelipa kiingilio ana haki ya kujua hadithi aliyoiona ni ya nani.

Kwako Mhariri, waandishi wako wa burudani hukutana na waongozaji na watayarishaji filamu mpya zinapozinduliwa. Wakishamaliza kuuliza kuhusu mavazi na bajeti, naomba waulize na hili: mliondoa nini kwenye mswada kabla hamjaanza kupiga picha, na mlimwogopa nani?

Wako,
Msomaji na mpenzi wa sinema